Tulisoma Rodney, tukakubaliana wote, mjadala ukafa

"Sisi ni kikundi cha wasomaji 12 hapa Dodoma. Tunakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na miongoni mwetu wamo walimu wawili wastaafu, muuguzi, mhasibu na vijana waliomaliza chuo hivi karibuni. Kwa miaka miwili tulisoma riwaya na mazungumzo yalinoga. Mwaka huu tukaamua kuhamia historia na sayansi ya jamii. Tulianza na kitabu cha Walter Rodney kuhusu Ulaya na Afrika; ndani ya nusu saa wote tulikuwa tumeshakubaliana naye, tukabaki kulalamikia bei ya mafuta. Mwezi uliofuata tukachukua historia ya dunia yenye kurasa zaidi ya 500, na waliofika mwisho walikuwa watatu. Baadhi yetu Kiingereza kinatupiga chenga. Wengine wanaogopa kwamba tukigusa historia ya nchi yetu wenyewe tutagombana. Naomba utupendekezee vitabu vitakavyotufikirisha, na utuambie kama kosa ni letu au ni la vitabu."

Ndugu msomaji, nianze na sehemu ya mwisho ya swali lako, kwa kuwa naona ndiyo inayokukera zaidi. Kikundi kilichodumu miaka miwili kikisoma riwaya hakina uvivu, na Rodney si mwandishi dhaifu. Kilichowakwamisha ni kwamba mlichagua vitabu kwa sifa zake, cha kwanza kwa umaarufu na cha pili kwa unene, kisha mkaingia chumbani bila swali ambalo watu wawili wenye akili timamu wangeweza kulijibu kwa namna mbili tofauti. Wengi huamini kwamba kitabu kizito huzaa mjadala mzito. Uzoefu wangu wa kuongoza vikundi vya aina hii ni kinyume: kitabu kinene huzaa aibu, maana wasiokimaliza hunyamaza, na waliokimaliza hugeuka wahadhiri.

Lipo pia dhana jingine lililojificha nyuma ya hilo, nalo ni kwamba kitabu cha historia ni ghala la mambo yaliyotokea. Mkisoma riwaya, mwandishi anawaachia mapengo. Hasemi kwa nini mke aliondoka usiku ule, na kila msomaji hulijaza pengo kwa maisha yake mwenyewe, ndipo mnapoanza kubishana. Kitabu cha historia kwa mtazamo wa haraka hakina pengo: kina tarehe, kina tanbihi, kina sauti ya mtu anayejua. Msomaji anaona ana njia mbili tu, kuamini au kukataa. Lakini kila historia ni hoja iliyojengwa na mtu. Kuna mtu aliyeamua aanzie mwaka gani na aishie wapi, aamini barua za gavana au masimulizi ya bibi kizee, na neno gani atumie kuliita tukio: vita, uasi au ghasia. Kati ya ushahidi alionao na hitimisho alilolifikia daima kuna nafasi. Mjadala wa historia hukaa katika nafasi hiyo, na kazi ya kikundi ni kuitafuta kitabu kikiwa mkononi, ukurasa kwa ukurasa.

Mkimrudia Rodney kwa jicho hilo, mtaona kwamba mlikubaliana na jina la kitabu zaidi ya kitabu chenyewe. How Europe Underdeveloped Africa kilitoka mwaka 1972, London na Dar es Salaam, mwandishi akiwa mwalimu wa historia pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na maneno ya mwisho yakaandikwa na Abdulrahman Babu, mwanasiasa wa Zanzibar. Hoja yake si kwamba Wazungu walituonea tu. Anasema kudumaa kwa uchumi si hali ya kukosa maendeleo, bali ni matokeo ya uhusiano: upande mmoja ulikua kwa njia zilezile zilizouzuia upande wa pili usikue. Hiyo ni hoja ya kiuchumi inayoweza kupimwa, na inayoweza kupingwa. Tena katika sura ya kwanza anatamka wazi kwamba maelezo yake hayakusudii kuwaondolea Waafrika jukumu la mwisho la kujiendeleza. Sentensi hiyo wasomaji wengi huipita kama kibao cha barabarani. Kama mngeanza nayo na kuulizana inakaaje pamoja na sura nyingine zote, nina hakika bei ya mafuta ingesubiri.

Kwa hiyo kipimo ninachowashauri ni hiki: kabla ya kukichagua kitabu, andikeni hoja yake kuu katika sentensi moja, kisha tafuteni angalau mwanakikundi mmoja anayeweza kuikataa kwa sababu za haki. Asipopatikana, ama kitabu hicho si cha mjadala, ama kinahitaji mwenzake wa kukipinga. Njia ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi, yaani kusoma maandishi mawili mafupi yanayogongana juu ya jambo moja, badala ya kitabu kimoja kikubwa kinachojaribu kusema yote.

Kwa kuwa mpo Dodoma na mna walimu wawili wastaafu, ningeanza na vijiji vya ujamaa. Najua hapo ndipo hofu yenu ya ugomvi ilipo, na nitaifikia. Someni kwanza andiko la Mwalimu Nyerere, Ujamaa Vijijini, la Septemba 1967. Ni fupi, lipo kwa Kiswahili, na mtu wa kidato cha pili anaweza kulifuata. Humo Mwalimu anaeleza vijiji ambavyo wakulima wataviunda wenyewe, kwa hiari yao, hatua kwa hatua. Halafu mfahamu kwamba Novemba 1973 kuishi kijijini kulitangazwa kuwa amri, na kwamba mkoa wenu ulikuwa umeshaonja uhamishaji mapema kuliko mikoa mingi, katika Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Swali la mjadala linajitokeza lenyewe: ilikuwaje hiari ya mwaka 1967 ikawa amri ya mwaka 1973, ilhali aliyeyatamka yote mawili ni mtu yuleyule?

Jibu moja la swali hilo limo katika sura ya saba ya Seeing Like a State, kitabu cha James C. Scott cha mwaka 1998, na sehemu kubwa ya sura hiyo inahusu Tanzania. Scott, mwanasayansi wa siasa wa Marekani, hakuanza na ujamaa. Alianza na misitu ya Ujerumani iliyopandwa miti ya aina moja kwa mistari iliyonyooka, akapita katika mji wa Brasília, Brazil, na mashamba ya pamoja ya Umoja wa Kisovieti, ndipo akafika kwetu. Anadai kwamba dola hutaka kuona, na ili ione hurahisisha. Mkulima aliyetawanyika na mashamba yake matatu, moja bondeni, moja mlimani na moja penye kichuguu, hahesabiki wala hatozwi kodi kwa urahisi. Mkulima aliyepangwa kando ya barabara katika nyumba zilizojipanga mstari anaonekana vizuri. Tatizo ni kwamba yale mashamba matatu yalikuwa bima yake dhidi ya ukame, na ujuzi wa kuyalima haukuwa umeandikwa popote. Kwa mujibu wa Scott, watu wasiopungua milioni 5 walihamishwa kati ya mwaka 1973 na 1976, na hasemi hata mara moja kwamba waliopanga jambo hilo walikuwa na nia mbaya. Hapo ndipo ubora wa sura ile ulipo: inawalazimisha msahau swali la nani alikuwa mwema na nani mwovu, mshike swali gumu zaidi, kwamba nia njema huharibika kwa utaratibu gani.

Scott naye anapingika, na ni vizuri apingwe. Hakuishi vijijini Tanzania kukusanya masimulizi. Alitegemea zaidi kazi za watafiti wengine, na dola lake wakati mwingine linafanana mno kutoka nchi hadi nchi. Mwanahistoria Priya Lal, katika African Socialism in Postcolonial Tanzania cha mwaka 2015, alikwenda Mtwara akawasikiliza waliohamishwa, na picha aliyorudi nayo ina rangi nyingi zaidi: watu waliokumbuka shida na ubabe, na papo hapo wakakumbuka shule, matumaini na hisia ya kuhesabiwa kuwa raia. Si lazima msome kitabu kizima. Utangulizi na sura moja vinatosha.

Ile hofu ya kugombana naiheshimu, ila naona mmeiweka mahali pasipo pake. Watu hugombana zaidi wanapozungumza jumla kuliko wanapozungumza mahususi. Ukiuliza, "Ujamaa ulikuwa mzuri au mbaya?" umeitisha uchaguzi mkuu. Ukiwauliza wale walimu wawili, "Nyumba yenu ya zamani ilikuwa wapi, shamba lilikuwa mwendo wa dakika ngapi, na baada ya kuhamia umbali ukawaje?" umeitisha ushahidi. Waombeni wazee hao wasiwe waamuzi wa kikao, wawe vyanzo. Vijana wawahoji kwa adabu, mmoja aandike, kisha mlinganishe walichosema na Scott, na walichosema wao kwa wao. Mara nyingi wazee wawili waliopitia jambo moja hutofautiana, na tofauti hiyo ni somo tosha la namna historia inavyotengenezwa.

Kwa wenzenu ambao Kiingereza kinawasumbua, msiwape nafasi ya wageni waalikwa wanaosubiri kutafsiriwa. Kiswahili kina maandishi ya historia yanayotosha miezi kadhaa, na mengine yana utata wa kupendeza. Chukueni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichochapishwa mwaka 1934. Ni kitabu kifupi kinachosimulia kukamatwa kwa watumwa, kuokolewa kwao na maisha yao Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru huko Mombasa, ambako kengele yao imewaachia wakazi wa leo jina la Kengeleni. Mbotela alikuwa mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru, kwa hiyo anaandika karibu kabisa na maumivu. Lakini katika kitabu chake Mwarabu ni mkatili na Mwingereza ni mkombozi, na mengine yamenyamaziwa. Je, aliandika alichokiamini, alichofundishwa misheni, au alichojua kwamba mchapishaji wa London angekipokea? Sidhani kama kuna jibu moja, na nimeona kikundi kikikaa saa mbili juu ya swali hilo bila mtu kutazama saa.

Mbele ya Mbotela wekeni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambayo mwenyewe aliyaandika kwa Kiswahili na kuchapishwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, muda mfupi kabla ya kifo chake mwaka 1905. Huyu ni mfanyabiashara wa pembe na watumwa anayesimulia misafara, vita, madeni na frasila (kipimo cha zamani cha uzito) za pembe za ndovu kwa utulivu wa mtu anayefunga hesabu za duka. Majuto hayaonekani. Msomaji wa leo hushtuka, na mshtuko huo una faida: unamfanya aulize mtu hujionaje anapokuwa ndani ya biashara ambayo vizazi vijavyo vitailaani. Mkitaka mwanahistoria wa kuwaweka wawili hao mahali pamoja, utangulizi wa Slaves, Spices and Ivory in Zanzibar cha Abdul Sheriff, mwaka 1987, unaonyesha jinsi karafuu za Unguja na Pemba, pembe zilizohitajiwa Ulaya, Marekani na India, na nguo ya pamba ya merikani iliyoletwa na meli za Salem, Marekani, vilivyofungwa katika mnyororo mmoja wa uchumi. Hapo mtamkuta Rodney tena, safari hii akiwa na soko, bandari na wadeni wenye majina.

Upande wa sayansi ya jamii, Desturi za Wasuaheli hakipewi hadhi kinachostahili. Ni kazi iliyochapishwa mwaka 1903 na Mjerumani Carl Velten kutokana kwa sehemu kubwa na maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye alifundisha Kiswahili Berlin. Kuna uzazi, unyago, ngoma, harusi, utumwa na namna ya kudaiana. Someni kurasa za harusi pekee, kisha muulizane: mwandishi anapotuambia "Waswahili hufanya hivi," ni Waswahili gani, wa mtaa gani, na wanawake wangeandika hivyohivyo? Muuguzi wenu, anayezisikia desturi kama zilivyo wodini na si kama zinavyotakiwa kuwa, huenda akawashinda wote siku hiyo.

Mhasibu naye msimsahau. Kwa ajili yake ningeweka mwezi mmoja wa kubishana juu ya tarakimu, na mfano ulio bora ninaoujua ni Mau Mau, mapambano dhidi ya utawala wa Waingereza nchini Kenya. Mwaka 2005 vilitoka vitabu viwili kuhusu Hali ya Hatari iliyotangazwa Kenya Oktoba 1952. David Anderson, katika Histories of the Hanged, alifuata kumbukumbu za mahakama na kuonyesha kwamba Waafrika 1,090 walinyongwa. Caroline Elkins, katika Britain's Gulag, alikusanya masimulizi ya waliofungwa makambini, na kwa kulinganisha hesabu za sensa akadokeza kwamba waliopotea wangeweza kuwa kati ya 130,000 na 300,000. Kitabu chake kilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 2006. Mwaka 2007 mtaalamu wa takwimu za watu, John Blacker, alizipitia sensa hizohizo na kukadiria vifo vya ziada kuwa kama 50,000, karibu nusu yao wakiwa watoto wa chini ya miaka 10.

Hapa wengi hukosea kwa kudhani kwamba tarakimu ikishushwa, hoja nzima imeanguka. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kuwa na majalada ya makoloni iliyoyaficha kwa miongo kadhaa, na yalithibitisha mengi waliyoyasema wazee wa Kenya kuhusu mateso. Mwaka 2013 ilikubali kuwalipa wadai 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo. Basi Elkins alikosea au alikuwa sahihi? Mwacheni mhasibu atete upande wa sensa na kijana mmoja atete upande wa masimulizi, kisha wabadilishane.

Kuna vitabu ambavyo ni vizuri sana na bado nitawaomba msianze navyo. When Victims Become Killers cha Mahmood Mamdani, cha mwaka 2001, kinaeleza jinsi ukoloni ulivyogeuza Uhutu na Ututsi kuwa utambulisho wa kisiasa kabla ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994. War of Words, War of Stones cha Jonathon Glassman, cha mwaka 2011, kinafuatilia magazeti na malumbano ya Zanzibar katika miaka iliyotangulia Mapinduzi ya Januari 1964. Vyote viwili vinachokonoa fikra, lakini vinagusa damu ambayo bado ina ndugu. Niliwahi kuongoza kikundi katika mji mmoja wa pwani, nikaliweka suala la Zanzibar katika kikao cha pili kwa kujiamini kupita kiasi. Katikati ya mazungumzo mzee mmoja alisimama, akaaga kwa upole, hakurudi tena. Baadaye niliambiwa kwamba kaka yake alichukuliwa mwaka ule na hakuonekana tena. Hakuna aliyemkosea, mimi ndiye niliyemkalisha mbele ya jambo lake bila kumwuliza.

Kwa hiyo kabla ya kufungua vitabu vya aina hiyo, mwenyekiti azungumze na kila mwanakikundi faraghani, na mwenye kidonda aruhusiwe kuukosa mwezi huo bila kutoa sababu. Ikiwa yupo aliyepoteza watu wake, au kikao kimoja kikiisha kwa mtu kulia, kukosa usingizi au kuwachukia wenzake, ushauri wa maandishi kama huu hautoshi tena. Mtafuteni mshauri nasaha au kiongozi wa dini aliyezoea maombolezo, akae nanyi uso kwa uso, na vitabu vingoje. Kwa mambo mepesi kuliko hayo bado msaada wa ana kwa ana ni bora kuliko barua: Chuo Kikuu cha Dodoma kipo mlangoni kwenu, na mhadhiri wa historia akialikwa kwa kikao kimoja, kwa sharti kwamba atazungumza dakika 15 tu na zilizobaki atajibu maswali, atawaonyesha namna ya kukisoma chanzo kwa haraka kuliko nitakavyoweza mimi.

Kuhusu kiasi, kurasa 40 hadi 60 kwa mwezi zinatosha. Watu 12 waliosoma kurasa 50 kwa kalamu mkononi watazungumza kuliko watatu waliomaliza 500. Ile historia ya dunia msiitupe. Waulizeni wale watatu walioimaliza, kila mmoja ataje sura moja ambayo hakuiamini, na waseme ni ukurasa upi uliowatia shaka. Wakitaja sura moja kwa pamoja, hiyo mnaweza kuisoma nyote mwezi ujao.